Siku Niliyompeleka Binti Yangu Ofisini

Nilikuwa shambani nang'oa miti ya pamba iliyobaki, naikusanya niichome, mgambo wa kata alipofika kwa pikipiki. Hakuzima injini. Alisema mtendaji wa kata ananiomba nifike ofisini na binti yangu, ni mazungumzo kidogo tu.

"Mazungumzo ya nini?"

"Mzee, si unajua. Ile video."

Nilikuwa naijua nusu. Binti yangu, kitindamimba, alisomea mifugo chuoni, akapata cheti, kazi ya serikali hakupata, akarudi nyumbani. Hakukaa kulia. Alianza kutibu ng'ombe wa kijiji na kuchanja kuku, kisha akafungua kundi kwenye simu ambamo wafugaji wanatumiana picha: ndama anaharisha, jicho limevimba, huyu ni kupe gani. Mtu yuko machungani anapiga picha, yeye anamjibu kwa sauti, kwa Kisukuma, fanya hivi na hivi. Mwanzoni nilimcheka. Nilisema ng'ombe hatibiwi kwa simu. Kisha akaniokolea maksai wangu, yeye akiwa Bariadi mjini na mimi nikiwa zizini nimeshika simu ya jirani kama nimeshika yai. Tangu siku hiyo sikucheka.

Sasa hiyo video. Kijiji chetu kiko mwendo wa baiskeli kutoka Dutwa, na tuna lambo moja la kunyweshea ng'ombe, lilichimbwa na baba zetu kwa majembe ya mkono. Limejaa tope miaka mingi. Mwaka huo kiliwekwa kibao kizuri cha bati, kimeandikwa kwamba ukarabati wa lambo umekamilika. Sisi tulikisoma kile kibao, wengine tukasomewa, tukaangalia lambo, tukaangaliana, tukaenda zetu. Ndivyo tulivyo. Halafu ng'ombe wa jirani yangu alizama kwenye tope akitafuta maji. Wanaume sita walimvuta kwa kamba tangu asubuhi. Binti yangu alikuwa pale na sindano zake, akatoa simu, akamrekodi yule ng'ombe akihema, kisha akaigeuza simu polepole mpaka kwenye kibao. Unasikia sauti yake tu: "Huyu ng'ombe hajasoma. Angekuwa amesoma angejua lambo limekarabatiwa."

Ng'ombe alikufa jioni. Video aliiweka kwenye kundi lake, mtu mwingine akaitoa akaiweka kule kunakoonwa na kila mtu.

Nilipomfikishia wito alikuwa uani anapanga chupa ndogo za chanjo ya kideri ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kuku wa kitongoji cha pili walikuwa wanamsubiri.

"Baba, tusiende," alisema.

"Kwa nini? Umesema uongo?"

"Sijasema uongo. Lakini mtu akiitwa kwa ajili ya simu, haitwi kuongea."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Yanatokea kila siku, baba. Wewe huyaoni kwa sababu simu yako ina tochi tu."

Hapo nilikasirika, na hasira yangu lazima niieleze, maana ndiyo iliyotuponza. Mimi nina darasa la nne. Nilichunga ng'ombe wa watu tangu nikiwa na meno ya utoto, nikapata ndama wangu, nikapata shamba, nikajenga nyumba ya bati kabla ya watu waliosoma. Na nimekuwa kamanda wa sungusungu wa kijiji hiki kwa miaka mingi. Nimekaa kwenye dagashida, ule mkutano wetu mkubwa wa kuamua makosa, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa hiyo kesi naijua. Kwetu mkosaji anayejificha anapigiwa mwano, lile yowe la kijiji kizima, na akipatikana hana wa kumtetea. Lakini anayekuja kwa miguu yake, akasimama katikati, akasema nilifanya hivi, anatozwa mbuzi. Mbuzi anachinjwa palepale, wote wanakula, na mkosaji mwenyewe anapewa nyama yake. Kesho yake ukimkumbusha, unatozwa wewe. Na aliyeletwa na baba yake hupunguziwa. Hiyo ndiyo sheria niliyokulia, na nilidhani ya serikali ni hiyohiyo, tofauti yake wao wana meza.

Nikamwambia, "Mimi nimehukumu watu wewe hujazaliwa. Twende ukaseme kweli mbele yao, yaishe, ukachanje kuku."

Aliniangalia. Mama yake alikuwa mlangoni na ungo mkononi, akaniangalia vilevile. Kisha binti akafunga kifuniko cha ile chupa ya chai, akaiweka kwenye mkoba, akapiga goti kidogo kama tulivyomlea, akasema, "Haya, baba."

Angekataa ningempenda zaidi. Lakini hakuwahi kunikatalia.

Tuliondoka kwa miguu. Njiani mama mmoja alimsimamisha kumwuliza kuhusu mbuzi aliyevimba tumbo, akamjibu kwa utulivu mpaka mwisho, ampe mafuta ya kula, amtembeze, asimlaze. Mimi nilisimama pembeni najisikia vizuri. Nilijisemea, mtu anayependwa hivi nani atamfanya nini?

Ofisini lilikuwepo gari ambalo si la kata. Nililiona, na bado nikaingia. Mtendaji alisimama, kijana wa mkoa mwingine, mpole, "Shikamoo mzee, karibu mzee," akanivutia kiti. Waliokaa ukutani walikuwa wawili, hawakusema shikamoo. Mmoja akamwuliza binti yangu jina, akamwomba simu. Akaitoa. Akamwuliza kama ndiye mwenye kundi. Akasema ndiye. Akamwambia simama, unakwenda na sisi mjini, kuna sheria ya mtandao.

Nilinyanyua mkono kama ninavyonyanyua kwenye mkutano wetu. Nikasema, "Subirini. Hajamaliza kusema. Nimemleta mwenyewe. Ulizeni, atajibu, mtutoze, yaishe."

Yule mtu akaniambia, "Mzee, hapa hatutozi mbuzi."

Hakusema kwa dharau, hilo nampa. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni njia siyo hii.

Walipompandisha kwenye gari alinipa ule mkoba dirishani. Hakusema baba umefanya nini. Alisema, "Baba, chupa isikae juani. Barafu ikiyeyuka chanjo inakufa, na zile ni za watu."

Gari likaondoka. Nilimgeukia mtendaji. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Ulisema mazungumzo kidogo."

"Mzee wangu, mimi nimeagizwa."

"Ulisema kidogo."

"Na mimi ndivyo nilivyoambiwa," akasema, na nilimwona anaweza kulia.

Basi nilibaki na chupa ya chai. Mtu mzima, kamanda, nimesimama barabarani na chupa ya chai, na kitu kimoja tu kichwani: isikae juani. Nyumbani hatuna friji. Nikaenda kwa mwenye duka la soda pale senta. Nikamwambia toa soda zako mbili niweke hii. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni chanjo za binti yangu, wamemchukua. Nilisimama mbele ya friji la soda nikilia, watu wakiangalia. Sijawahi kulia mbele ya watu, hata mama yangu alipokufa nilikwenda nyuma ya zizi.

Hivyo ndivyo habari ilivyoenea, sikuitangaza mimi. Mwenye duka alimwambia mteja, mteja alimwambia mwenye baiskeli, na jua lilipofika utosini kitongoji cha pili walijua kwa nini kuku wao hawajachanjwa.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniwekea maji ya kuoga, akaniwekea ugali na nsansa, mboga yangu niipendayo. Nilipomaliza kula akasema maneno yake yote ya siku ile: "Ulimpeleka wewe. Utamrudisha wewe."

Kesho yake nilikwenda kituoni mjini. Waliniambia upelelezi unaendelea. Kumwona sikuruhusiwa. Chakula walipokea, na kanga aliyotuma mama yake. Nilikaa nje mpaka walipofunga lango, nikarudi. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu nilimwuliza askari wa mapokezi, mama wa makamo, kama binti yangu anakula. Aliangalia huku na huku akasema, "Anakula, mzee. Jana aliniambia kuku wangu wanapokoroma nifanye nini." Hilo neno nilirudi nalo nyumbani, nikampa mke wangu, akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anapopewa kitu, lakini bado hakuzungumza nami.

Huku nyuma, kijijini, likatokea jambo ambalo sijui aliyelipanga alifikiri nini. Mgambo alizunguka na pikipiki yake akitangaza amri. Kila aliyemo kwenye kundi la mifugo atoke. Atakayekutwa na ile video kwenye simu yake atafuatwa kama alivyofuatwa mwenzake.

Nasema kweli, kabla ya tangazo lile nusu ya kijiji hawakuwahi kuiona video. Wazee hawakuijua. Wamama wana kazi zao, nani ana nafasi ya kuangalia ng'ombe aliyezama na wakati kila mwaka wanazama? Mgambo alipopita tu, kila mtu akaitaka. Jirani yangu mmoja, bibi mjane ambaye hajawahi kushika simu isipokuwa kumpelekea mwenye nayo, alikwenda dukani na fimbo yake.

"Hiyo picha inayofunga watu iko wapi?"

"Mayu, imekatazwa," kijana wa duka akamwambia. Mayu ni mama kwetu, ndivyo tunavyowaita wakubwa.

"Najua imekatazwa, ndiyo maana nimekuja. Nionyeshe haraka, nina maharage jikoni."

Akaonyeshwa. Akasema rudisha mwanzo. Akaonyeshwa tena. Mara ya tatu alikaa chini pale dukani. Akasema, "Basi huyu mtoto kasema nini zaidi ya tunavyosema sisi kila siku kisimani?"

Na Wasukuma hatukai mahali pamoja. Watu wetu walihama na ng'ombe wao zamani, wako Katavi, wako Morogoro, wako Mbeya huko bondeni. Video iliwafikia wote. Walituma sauti zao kwenye simu za ndugu zao, na jioni ungepita kwenye nyumba za watu ungezisikia, sauti za watu tuliodhani wametusahau. Mmoja nilimtambua, nilichunga naye utotoni. Alisema, "Hilo ni lambo letu! Mimi nilifundishwa kuogelea mle! Nani amemkamata mtoto kwa ajili ya lambo letu?" Amri ilisema watu watoke kwenye kundi. Walitoka kweli, wachache, kwa woga. Walioingia walikuwa wengi kuliko waliotoka, ingawa aliyelianzisha hakuwa na simu tena.

Vijana walinijia. Walitaka nipige mwano. Kamanda akipiga mwano hakuna anayebaki nyumbani, na watu wangekwenda mpaka mjini na marungu yao. Niliwaza usiku na mchana. Nilikataa. Mwano ni wa mwizi wa ng'ombe na wa fisi. Ukiupiga kwa watu wenye bunduki, unawapelekea watoto wa wenzako, na mimi nilikuwa nimeshapeleka wa kwangu. Wakaniambia nimeogopa. Nikawaambia ndiyo, nimeogopa, na anayesema haogopi anitazame machoni. Hakuna aliyenitazama.

Siku ya sita mtendaji aliitisha mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa shule. Alikuja na watu wawili wa wilayani na meza yenye kitambaa. Tulidhani watatuambia habari za binti. Walituambia habari za uchochezi. Mmoja alisema kwa upole kwamba simu ni kitu kizuri ikitumika vizuri, na kwamba kijana mmoja asiharibu sifa ya kata nzima, na kwamba yeyote aliyeisambaza ile video ajitokeze mwenyewe, atasaidiwa.

Alisema "ajitokeze mwenyewe." Hakujua anazungumza na nani. Kwetu hayo ni maneno ya kufungulia dagashida. Mkubwa akisema aliyefanya ajitokeze, mwenye kosa anatembea mpaka katikati, anakaa chini mbele ya mkutano na kusema kosa lake, na haondoki mpaka ahukumiwe.

Kisha yule bibi mjane alisimama na fimbo yake. Alitembea polepole, watu wakampisha, akafika mbele ya meza, akakunja kanga yake, akakaa chini kwenye vumbi.

"Mimi nimeiangalia mara tatu," akasema. "Na nimewasimulia wajukuu. Nitozeni."

Mtu wa wilayani akacheka kidogo. "Bibi, wewe rudi ukakae, hatukusema wewe."

"Ulisema aliyefanya. Nimefanya. Unataka nikae wapi tena, nimeshakaa."

Watu wakacheka, na kile kicheko kilifungua kitu. Jirani yangu mwenye ng'ombe aliyekufa akaja. Akakaa. Akasema yeye alimwambia binti apige picha, kwa hiyo kosa ni lake la kwanza. Wakafuata wenzake watano waliovuta naye kamba. Akaja mwenye duka, akaweka simu yake juu ya kitambaa cha meza, akasema, "Nimewaonyesha watu wengi, sikuhesabu." Akaja mwalimu mmoja wa shule ileile, mgeni kwetu, mtu wa kazi, ambaye angeweza kupoteza kila kitu, akakaa karibu na bibi. Wakaja wamama kwa makundi wakivutana kanga. Simu zikajaa juu ya meza, nyingine zikaanza kulia, mtendaji akawa anazizima moja moja, hajui azifanye nini.

"Jamani, jamani," alikuwa anasema. "Jamani wazazi wangu."

"Tuhukumu basi, mwanangu," bibi akamwambia. "Jua kali."

Mimi bado nilikuwa nimesimama. Niwe mkweli, kwenye dagashida mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti. Sijawahi kukaa chini katikati. Niliwaona watu wote wale wamekaa kwa ajili ya mtoto wangu, na mimi baba yake nimesimama na fimbo ya ukamanda. Mke wangu alikuwa ameshakaa zamani, mstari wa pili, hakugeuka hata kuniangalia.

Nikaenda. Nikaiweka fimbo mezani pamoja na simu. Nikasema, na nilisema kwa Kisukuma kwa sababu kwa Kiswahili yasingetoka: "Wao wameangalia video. Mimi nimefanya kubwa kuliko hilo. Nilimshika mtoto asiye na kosa nikamleta kwa mkono wangu, kwa sababu nilidhani najua. Anayetakiwa kutozwa wa kwanza ni mimi." Nikakaa. Wanaume wengine wazee waliinamisha vichwa, wakanionea haya. Yule bibi akanigonga goti na fimbo yake. "Sogea huku kwenye kivuli changu," akasema, na kivuli chake kilikuwa kidogo kama sahani.

Hatukurusha jiwe. Hatukuimba. Tulikaa. Wale wa wilayani walizungumza na simu zao pembeni, wakaja wakatuambia mkutano umefungwa, twende nyumbani. Hakuna aliyeinuka, maana hukumu haijatoka. Wamama walileta maji na michembe iliyochemshwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, wakala wote, na mtendaji akapelekewa bakuli lake mezani, akala. Nilipomwona anakula nikajua hatatufanyia ubaya, maana kwetu aliyekula na wewe kwenye kesi hawezi tena kukudhuru.

Mchana ulipopinda alikuja diwani, mtu wetu wa hapahapa, anajua sana maana ya watu kukaa hivyo. Alizungumza nao pembeni kwa mikono mingi. Sijui walisema nini na sitajifanya najua. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Kamanda, kesho atatoka kwa dhamana. Njoo na mtu mwingine mwenye barua ya mtendaji." Nilimwangalia mtendaji. Alishaanza kuandika.

Waliturudishia simu zetu. Ya mwenye duka ilikuwa imepasuka kioo, akasema hajali, lakini nilimwona akiifuta na shati njia nzima.

Alitoka kesho yake, saa za asubuhi. Alikuwa amekonda usoni na nywele zimesokotwa na mtu mwingine, nadhani wenzake wa mle ndani. Niliogopa kumwangalia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno njia nzima, na niliyasahau yote. Yeye akaja, akapiga goti pale kwenye changarawe mbele ya askari, "Shikamoo baba," kama ametoka kisimani. Nilimwinua. Nikamwambia, "Usinipigie goti leo." Akasema, "Sasa nimpigie nani?" Akanishika mkono, tukasimama hivyo muda, watu wakipita.

Nyumbani mama yake alimwogesha kama mtoto mchanga, mlango umefungwa. Nilikaa nje nawasikia wanacheka mle ndani, kisha kimya, kisha wanacheka tena. Mke wangu alipotoka akaniambia, "Kuna chai," na nikajua nimerudishwa kidogo.

Lambo? Nitasema, maana utauliza. Lilikuja greda, likachimba siku mbili, likaondoka. Limekuwa na kina upande mmoja, upande mwingine bado tope. Kibao kiling'olewa, hatujui na nani, na hakuna aliyekitafuta. Mtendaji yule alihamishwa. Alikuja kuniaga, akakaa uani kwangu akanywa maziwa, na sikumkumbusha kitu.

Kesi haijaisha. Simu ya binti bado wanayo, wanasema ni kielelezo. Kila baada ya wiki mbili anatakiwa aripoti kituoni, atie sahihi kwenye daftari, arudi. Kundi la mifugo analiendesha kwa simu ya kuazima, na limekuwa kubwa mpaka anajibu watu wa mikoa ambayo mimi sijawahi kufika. Mama yake anamwambia apumzike. Hasikii.

Kila akienda kuripoti, nakwenda naye. Pamba ikiwa imekomaa, nakwenda. Anasema, "Baba, baki, ni sahihi tu." Sibaki. Tunakaa kwenye benchi la nje na wenzetu wengine wanaosubiri, yeye anajibu watu kuhusu kuku na mimi naangalia barabara.

Safari iliyopita alizima simu, akaiweka mapajani, akaniuliza bila kunitazama, "Baba, wakiniita tena?"

Hilo swali nilikuwa nalisubiri tangu siku ya kwanza, na nilishajibu kichwani mara mia. Nikamwambia, "Wakikuita tena, wewe utabaki nyumbani. Nitakwenda mimi kwanza, niwaulize wanataka nini, waniandikie kwenye karatasi, niilete tusome wote."

"Wewe husomi haraka, baba."

"Ndiyo. Watasubiri."

Alicheka, akafuta macho, akacheka tena. "Watakukamata wewe."

"Wanikamate. Wewe utaniletea ugali. Usilete nsansa yenye mchanga kama ya mama yako."

"Nitamwambia."

"Mwambie."

Askari wa mapokezi, yule mama wa makamo, akatokeza mlangoni akaita jina la binti yangu. Alisimama. Na mimi nikasimama.

"Mzee, wewe pumzika hapo, ni sahihi tu," askari akasema.

Nikamwambia najua ni sahihi tu, nikaingia naye. Chumba kilikuwa kidogo, daftari liko juu ya kaunta. Aliandika jina lake, mimi nikiwa nyuma yake nimeshika mkoba wake, na nililisoma herufi kwa herufi mpaka mwisho kabla ya kukubali tutoke.